Chapati, jibini na embe: hesabu ya kifungua kinywa kisichowasha jiko

Chapati moja laini, jibini ya krimu ya kupaka, tunda lililoiva. Paka, panga, kunja, kula. Kifungua kinywa hiki kimeingia mijini kwetu kupitia mikahawa na video fupi za mapishi kwenye simu, na wanaokipenda wana sababu zao. Mtoto anakishika mkononi ndani ya basi la shule bila kuchafua sare, sufuria ya kuosha hakuna, na aliyechelewa kuamka anakimaliza kukitengeneza kabla bodaboda haijafika getini. Tatizo ni bei. Rolo moja ya namna hii, ikitengenezwa nyumbani, inaweza kukugharimu karibu shilingi elfu tano au isifike hata elfu moja na mia tano, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo imejificha kwenye kile cheupe kinachopakwa. Tunda tunalolilalamikia kila siku gengeni halina kesi kubwa hapa.

Bei ninazotumia ni za Dar es Salaam, za kukadiria, kati ya duka la Mangi, soko na supamaketi, na nimezisawazisha ili hesabu isomeke. Kwako zikiwa juu au chini, badilisha namba. Uwiano wenyewe hautahama sana.

Tuanze na jibini, kwa kuwa ndiyo inayokula pesa. Kopo la gramu 200 la jibini ya krimu iliyotoka nje utalikuta supamaketi kwa takribani shilingi 18,000. Rolo moja inataka vijiko viwili vya chakula, yaani kama gramu 30. Hapo umeshatumia 2,700 kabla hujagusa chapati. Ughali huo una sababu zake. Jibini hii lazima isafiri ndani ya baridi toka kiwandani, melini, bandarini mpaka kwenye friji ya duka, na kila kituo kina mtu wa kulipwa. Ikifika mpakani inakutana na ushuru. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoanzisha daraja la juu la 35% Julai 2022, bidhaa za maziwa zilikuwa miongoni mwa zilizotajwa. Juu yake Tanzania inaweka VAT ya 18%. Mwenye duka naye ana bili ya umeme ya friji.

Unapewa nini kwa pesa hiyo? Kwa haki kabisa, unapewa mafuta ya maziwa. Kanuni za Marekani, nchi ilikoanzia jibini hii, zinataka iwe na mafuta yasiyopungua 33% na maji yasiyozidi 55%. Muuza maziwa mmoja wa Chester, jimbo la New York, William Lawrence, ndiye anayetajwa kuianzisha kibiashara mwaka 1872, na miaka minane baadaye ikaanza kuuzwa kwa jina la Philadelphia, mji ambao wakati huo ulisifika kwa maziwa mazuri. Mafuta hayo ndiyo yanayoifanya itulie kwenye chapati, isiteleze, na ikutane na embe bila kupigana nalo. Makopo mengi yanayotoka Ulaya huwa na mafuta pungufu ya hapo, kwa hiyo geuza kopo usome mgongoni. Ukiona mafuta ya mimea kwenye orodha ya viungo, ujue unanunua kitu kingine kilichovaa nguo za jibini, na bei yake inapaswa kushuka ipasavyo. Za ladha ya stroberi zirudishe rafuni. Unalipia sukari, na tunda lenyewe unalo mkononi.

Gharama ambayo haimo kwenye risiti ni ya kutupa. Kopo la gramu 200 linatoa rolo sita na kidogo, na watengenezaji wengi wanataka limalizwe ndani ya siku kumi hivi baada ya kufunguliwa. Nyumba ya watu wawili wanaokula rolo Jumamosi tu haiwezi kulimaliza. Nusu itaota ukungu nyuma ya mtungi wa maji, na ile uliyokula itakuwa imekugharimu 5,400 kwa rolo badala ya 2,700. Hapo ndipo wengi tunapopigwa, wala si kwenye bei ya rafuni.

Kwa nyumba ndogo ya namna hiyo, zile jibini za pembetatu zilizofungwa moja moja kwa karatasi ya fedha zina mantiki kuliko zinavyoheshimiwa. Boksi la nane ukilipata kwa 7,000, pembetatu mbili zinakuwa 1,750 kwa rolo, na usiyoifungua haiharibiki. Dukani mara nyingi hukaa rafu ya kawaida, nje ya friji. Kasoro yake ni chumvi. Na ndizi mbivu inachusha. Na embe lenye uchachu kidogo inakubalika. Mtoto atakula zote mbili bila kulalamika, kwa hiyo kama rolo ni yake, usijisumbue na maoni yangu.

Njia ya tatu ni mtindi uliochujwa, na hii nataka tukae nayo kidogo. Waliokaa Muscat au Dubai wanaijua kwa jina la labna, na huko iko mezani asubuhi pamoja na mkate na zeituni, hakuna anayeishangaa. Hapa kwetu malighafi yake iko kila duka: mtindi wa pakiti, kwa majirani zetu wa Kenya mala. Lita moja ya mtindi kwa 3,500, ikichujwa usiku kucha, inakuachia kama gramu 350 za kitu kizito cha kupakika. Shilingi 10 kwa gramu, ukilinganisha na 90 za kopo la kutoka nje. Hata ukipaka maradufu, gramu 60, umetumia 600.

Kuichuja hakutaki ufundi bali subira. Tandika kitambaa safi cha pamba, kipande cha kanga kuukuu kilichochemshwa kinafaa sana, juu ya chujio la tui lililokaa kwenye bakuli. Mimina mtindi, nyunyiza chumvi ncha ya kijiko, funika, weka kwenye friji mpaka asubuhi. Maji ya manjano yatashuka yenyewe. Usikamue kitambaa kwa mkono ukitaka kuharakisha, maana utasukuma na ule mzito utoke pamoja na maji, ubaki na kitu cha chengachenga. Ukikifunua asubuhi utakuta umbo la chujio limebaki juu yake na kijiko kikisimama bila kuegemea. Kiko tayari. Yale maji yaliyochujika, zaidi ya nusu lita, yasimwagwe. Yakandie unga wa chapati badala ya maji ya bomba na uone chapati zinavyolainika.

Kuna mtindi usiochujika, na hili hugharimu watu. Yogati tamu za kikombe, zilizotiwa wanga au jelatini ili ziwe nzito, zinashikilia maji yake. Utaziacha usiku mzima na asubuhi utakuta bakuli halina kitu chini. Soma viungo: maziwa na kimea chake, basi. Nunua uliotoka kwenye maziwa yenye krimu yake yote, kwa sababu uliotolewa mafuta utakupa kitu kikavu chenye uchachu mtupu. Maziwa mabichi ya mtaani ukitaka kuyagandisha mwenyewe, yachemshe kwanza. Ugonjwa wa brusela hupita kwenye maziwa mabichi, na kuyaacha yagande hakuuondoi.

Je, labna ni sawa na jibini ya krimu? Hapana. Mafuta yake hayafiki hata theluthi ya ile ya Kimarekani, uchachu wake uko mbele, na ukiokea keki ya jibini nayo wageni watakuuliza kilichotokea. Lakini ndani ya chapati, na asali kijiko kimoja na tunda, uchachu huo unageuka kuwa faida kwa sababu unakata utamu. Tena kwa kuwa unaimudu kuipaka kwa wingi, gramu 60 zake zinakupa protini kama gramu tano, wakati gramu 30 za jibini ya kopo zinakupa mbili. Ningeichagua hata kama bei zingelingana, ila hilo ni suala la mdomo wangu.

Kinachobeba vitu vyote hivi kina mjadala mfupi. Tortila za pakiti zinazouzwa supamaketi, pakiti ya nane kwa elfu tisa na ushee, zinakufikisha kama 1,200 kwa moja, na kinachonunuliwa hapo ni wembamba na kukaa muda mrefu. Chapati ya kusukuma ya mama wa mtaani ni 500, ina ladha, na inashibisha. Ukizipika mwenyewe Jumapili jioni, ngano na mafuta vinakuja kama 300 kwa moja, lakini hapo umewasha jiko, na hesabu yetu ilikuwa ya asubuhi. Zanzibar kuna mkate wa ajemi, na huo na labna vinapatana kuliko chochote nilichokitaja. Mkate wa slesi ndio wa bei ndogo kuliko vyote, ila haukunjiki, na tunda litaponyoka pembeni.

Chapati ya kununua ina mitego miwili. Ikiwa na mafuta mengi, jibini haishiki, inateleza na kusukumia tunda upande mmoja. Ifute kwa karatasi ya jikoni kabla ya kupaka. Ikiwa ya jana, itapasuka ukiikunja. Usiirudishe kikaangoni. Ifunike juu ya kikombe kipana cha chai ya moto kwa dakika moja, igeuze, dakika nyingine, na mvuke utailegeza. Kisha paka jibini ukiacha ukingo wa upana wa kidole, panga tunda katikati kwa mstari mmoja, kunja pande mbili ndani, halafu viringisha kwa kubana. Anayepanga tunda chapati nzima huishia kulila kwa uma.

Nimetaja chai makusudi. Sifa ya kutowasha jiko inavuma sana kwenye haya mapishi, lakini kwetu ni ya nusu nusu. Nani anakula asubuhi bila chai? Gesi itawaka. Unachookoa ni dakika za kukaanga na mafuta ya kukaangia, wala si mtungi. Mwenye kupika chai usiku na kuiweka kwenye chupa ndiye peke yake anayeweza kusema asubuhi yake haina moto, na kwa wanaopanda daladala saa kumi na moja alfajiri, hilo lina thamani ambayo siwezi kuipigia hesabu ya shilingi.

Sasa matunda. Ndizi kisukari ni mfalme wa bei: moja ni 100 hadi 200, ipo mwaka mzima, na ukiichana kwa urefu inalala ndani ya rolo kama imepimwa. Ukinunua chane nzima pale Mahakama ya Ndizi, Mabibo, bei inashuka zaidi, ila ununue zenye viwango tofauti vya kuiva, la sivyo zote zitaiva siku moja na utakuwa na kazi ya kuzigawa kwa majirani. Ikatwe mwisho kabisa, na tone la ndimu juu yake huzuia isigeuke nyeusi.

Embe linakwenda na msimu. Pwani, kuanzia Novemba hadi Januari, dodo au bolibo zuri ni 500 hadi 1,000 na linatosha rolo mbili, wakati mwingine tatu. Nje ya msimu utaambiwa 2,000 kwa lililochumwa changa na kuivishwa kwa haraka, lenye rangi nzuri na ladha ya maji. Miezi hiyo mwachie mwenye nalo.

Stroberi ndizo zinazopendeza kwenye picha. Zinatoka nyanda za baridi kama Lushoto, na kasha la gramu 250 ni kama 5,000, hivyo gramu 50 za rolo moja ni 1,000. Zinaharibika upesi kuliko tunda jingine lolote humu, na zile za chini ya kasha huwa zimeshaanza kulainika ukiwa bado dukani. Ligeuze kasha uangalie chini. Tofaa la Afrika Kusini linakaa wiki kadhaa bila taabu na linaleta ukarakara ambao rolo laini inauhitaji, ila utamu wake hauwezi kusimama peke yake. Liongezee tende mbili zilizotolewa kokwa.

Nanasi na papai ni kesi nyingine, na hapa bei rahisi inadanganya. Nanasi la Kiwangwa, Bagamoyo, ni miongoni mwa matunda matamu ya nchi hii, na papai la gengeni linatosha familia nzima. Lakini yote mawili, yakiwa mabichi kwa maana ya kutopikwa, yana vimeng'enya vinavyovunja protini, bromeleni kwenye nanasi na papaini kwenye papai. Ndiyo sababu papai hulainisha nyama ya mishikaki. Yakikutana na jibini au mtindi yanaanza kazi ile ile: baada ya muda jibini inalegea, inatoa maji, na ladha inageuka kuwa chungu. Ukila papo hapo hutaona tofauti. Ukiifunga ya kula saa nne shuleni, mtoto atairudisha na atakuwa na haki. Kwa rolo ya kusafiri, ndizi, embe, tofaa na tende ndizo salama.

Tujumlishe. Rolo ya kifahari, yenye tortila, jibini ya kopo na stroberi, ni 1,200 na 2,700 na 1,000, jumla 4,900. Rolo ya chapati ya mtaani, gramu 60 za labna na ndizi moja ya 200 ni 1,300. Ukiongeza kijiko cha asali ya Tabora inakaribia 1,550. Kwa familia ya watu wanne, siku tano za wiki, rolo ishirini: 98,000 dhidi ya 26,000. Makopo matatu ya jibini peke yake ni 54,000 kwenye hesabu ile ya kwanza. Mtindi unaohitajika kwenye ya pili ni lita tatu na nusu, kama 12,000. Ukitaka kubaki na jibini ya kopo lakini ukaiweka kwenye chapati na ndizi, rolo inashuka hadi 3,400. Hapo ndipo utaona kilichokuwa kikila pesa.

Lakini linganisha pia na kile ambacho rolo inakiondoa mezani. Chai na chapati mbili kwa mama ntilie ni kama 1,500, na yai la kuchemsha la 500 lina protini gramu sita, zaidi ya jibini yoyote kati ya hizi kwa kipimo nilichotumia. Mtu anayekwenda kubeba zege asidanganywe na picha. Rolo ya jibini na tunda ni chakula cha anayekaa ofisini au darasani mpaka saa nne.

Siagi ya karanga ni mpinzani ambaye wapishi wa kwenye simu hawamtaji, na kwa nyumba isiyo na friji ningeipa ushindi bila kusita. Kopo la gramu 400 kwa 10,000 linakupa gramu 30 kwa 750, lina protini kama gramu saba kwa kipimo hicho, halitaki baridi, na linakaa miezi. Pamoja na ndizi ndani ya chapati linakuja 1,450. Kitu kinachokosekana ni ule ubaridi na uchachu, na ambaye hajawahi kuvizoea hatavikumbuka. Angalia tu mwenye mzio wa karanga, hasa kwa watoto wa wenzako.

Hilo la friji lina uzito wake kwenye uamuzi wote huu. Ushauri wa idara ya kilimo ya Marekani kuhusu vyakula vinavyoharibika ni visikae nje ya baridi zaidi ya saa mbili, na joto likipita nyuzi 32, saa moja. Dar es Salaam ya Februari inazifikia nyuzi hizo mchana kirahisi. Kwa hiyo rolo ya jibini inayosubiri mapumziko ya saa nne inataka mfuko wa kuhifadhi baridi pamoja na chupa ya maji iliyogandishwa usiku. Ukinunua mfuko huo, uugawe kwa mwaka mzima na utaona hauumi. Usipoununua, mfungie mtoto ya siagi ya karanga na ile ya jibini mle nyumbani. Na umeme ukikatika usiku mtindi ukiwa unachujwa, usifungue mlango wa friji kila mara kuukagua. Friji iliyofungwa hushika ubaridi wake kama saa nne. Umeme usiporudi kufikia hapo na mtindi ukaanza kupata joto, usiupake kwenye rolo. Utie kwenye unga, upike mkate wa maji.